Mkebe wa Biskuti na Karata za Jumatatu

Hotuba kwa wakaazi wa Ganjoni na Kizingo, Mombasa, baada ya swala ya Alasiri

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Wazee wangu mlioketi mbele, kina mama, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni ingawa viti vipo: ahsanteni kwa kuja.

Mwenyekiti wetu alinipigia simu juma lililopita akaniambia, "Bi wakili, kuna jambo linatusumbua mtaani na watu wanalisema chini chini." Nikamuuliza jambo gani. Akapunguza sauti, na yuko nyumbani kwake: "Ni hii poka, hizi karata za pesa." Hapo hapo nikakubali kuja. Nikiwa wakili nimejifunza kwamba jambo ambalo mtu mzima hulitaja kwa kunong'ona ndani ya nyumba yake ndilo humkuta hana hili wala lile siku ya kugongewa mlango.

Nitangulize jambo moja. Hukumu ya dini wanayo wenye elimu yake. Sura ya Al-Maida, aya ya 90, imeitaja kamari pamoja na ulevi, na hakuna mtu humu ukumbini anayenihitaji mimi nimfasirie. Sikuja kuhalalisha kitu. Nimekuja kueleza sheria ya nchi, ambayo humhukumu Mwislamu, Mkristo na Mhindi kwa kipimo kimoja. Na kwa kuwa nimeulizwa mara nyingi: kesi ya kamari haiendi kwa Kadhi. Katiba, kifungu cha 170, imempa Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu waliokubali kwenda kwake. Aliyeshikwa na kamari atasimama mbele ya hakimu, kama aliyeshikwa na kosa jingine lolote.

Karata zenyewe si ngeni kwetu. Tazameni majina tunayoyaita mpaka leo: shupaza, kopa, uru, pau. Hayo ni ya Kireno, watu wale wale walioanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Wao wamekwenda, ngome imebaki na karata zimebaki. Mimi nilifundishwa kupiga karata na marehemu babu yangu kibarazani Kibokoni, na hakuna siku hata moja niliyoona senti ikiwekwa juu ya mkeka. Aliyefungwa aliinuka akampisha mwenzake, basi.

Sasa niwaeleze ya mdogo wangu. Nimemwomba ruhusa. Akaniambia, "Sema, dada, lakini jina langu liache."

Alianza yeye na wenzake watano, kila Jumatatu usiku, sebuleni kwake. Watu wazima wenye kazi zao: wawili wa bandarini, mmoja wa benki, mmoja fundi wa friji, mmoja mwalimu. Kila mtu alikuja na shilingi 500. Zikimwishia, alikaa akatazama wenzake mpaka mwisho, hakuna kukopa. Meza ilikuwa ya mvule, ya marehemu mamangu, ina duara jeusi mahali birika la kahawa lilipoiunguza tulipokuwa wadogo. Juu ya duara hilo waliweka mkebe wa biskuti, ule wa bati wa rangi ya samawati. Anayekula fungu kubwa, yaani pesa zote zilizowekwa mezani katika mzunguko mmoja, alitia shilingi 50, na pesa hizo zikanunua kahawa chungu, viazi karai na bajia za jirani.

Mtasema ubaya uko wapi hapo. Nami wakati ule ningesema hivyo hivyo.

Baada ya miezi miwili mkebe ulikuwa na ziada. Ziada ikanunua karata mpya, za plastiki nzito, zisizokunjika. Ikaja feni ya kusimama, kwa sababu Februari hapa haimwachi mtu na shati kavu. Fundi wa friji akaja na binamu yake, binamu akaja na rafiki yake, rafiki akaomba awekwe kwenye kikundi cha WhatsApp ili ajue siku za mchezo. Wakawa kumi na wawili, meza mbili, siku mbili kwa juma. Shilingi 50 ikawa 100, na ile 100 haikungoja tena fungu kubwa. Kila fungu lilikatwa. Mwezi wa sita mdogo wangu alilipa kodi ya nyumba kutoka mkebeni. Hajapata kukaa kitako akaamua kufungua nyumba ya kamari, naapa kwa Mungu hakuamua. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Jumatatu moja usiku akagongewa.

Alinihadithia baadaye, na kitu kimoja katika hadithi yake sikisahau. Askari walipoingia walikusanya pesa za mezani, wakazihesabu. Halafu mmoja wao akauona mkebe. Akaufungua, akaumimina juu ya meza, noti za 100 na 50 zikatapakaa mpaka sakafuni. Hakuuliza nani ameshinda wala nani ameliwa. Aliuliza, "Huu ni wa nani?"

Sitawatetea askari wale, na nitawaambia punde kwa nini. Lakini swali lile lilikuwa swali la sheria hasa. Wachezaji kwa wachezaji, pesa hutoka mfuko huu zikaingia ule, na atakayeziondoa mezani ni mmoja wao, aliyeweka dau kama wenzake. Mkebe hauweki dau na hauliwi. Ukishakuwa na mwenyewe, anayeishi kwa kilichomo, nyumba yake imekuwa biashara, na biashara ya kamari nchini Kenya haiendeshwi bila leseni.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa chini ya sheria ya 1966, ile tuliyoizoea kwa jina la Sura ya 131, iliyounda bodi ya kutoa leseni za kamari. Sheria hiyo imekwisha kazi yake. Agosti 2025 Rais Ruto alitia saini sheria mpya ya kudhibiti kamari, na bodi ikapisha mamlaka mpya. Sharti la leseni limebaki, na umri wa mchezaji haushuki chini ya miaka 18. Tena msidhani haya ni ya Nairobi peke yake. Jedwali la Nne la Katiba limeziweka kamari na kasino miongoni mwa kazi za kaunti, pamoja na burudani za umma, kwa hiyo hata serikali yetu ya hapa Mombasa ina mkono wake.

Wenzetu wa nje wameandika jambo hili waziwazi zaidi. Uingereza, ambako sheria zetu nyingi zilianzia, ina sheria ya 2005 iliyoanza kutumika kwa ukamilifu Septemba 2007. Inaruhusu watu kucheza kwa pesa nyumbani bila leseni ikiwa ni shughuli ya kinyumbani, umma hauingii, na hakuna ada. Halafu inafunga mlango wa nyuma: kukata chochote katika dau au katika ushindi ni ada, liitwe jina lolote. Ukiita pesa ya kahawa ni ada. Ukiita mchango wa stima ni ada. Texas, ambako poka hii mnayoipenda vijana, Texas Hold'em, ilipatia jina lake, sheria humpa mchezaji utetezi akitimiza mambo matatu: mahali pawe pa faragha, asiwepo mtu anayefaidika kwa njia nyingine isipokuwa ushindi wake mwenyewe mezani, na wote wawe na nafasi sawa ya kula na kuliwa, ukitoa ustadi na bahati. Someni lile la pili tena mkifika nyumbani.

Siwaletei Texas kwa sababu Texas inatawala Ganjoni. Nawaletea kwa sababu video mnazozitazama kwenye simu zinatoka Marekani, na kijana mmoja aliniambia ofisini kwangu, kwa yakini kabisa, kwamba "kule ni ruhusa". Kule kila jimbo lina sheria yake, na hata pale penye ruhusa, ruhusa hiyo si ya mwenye mkebe.

Hapa najua kuna hoja inawawasha. Poka si bahati, ni akili. Mchezaji hodari atamla mchezaji mbovu mwaka mzima, na kamari ya bahati haifanyi hivyo. Hoja hii ina ukweli ndani yake, na nimeisikia ikitetewa vizuri. Imefika mahakamani pia. London palikuwa na klabu ya poka iliyoitwa Gutshot, na mwenyewe akasimama mbele ya baraza la raia wanaoamua kesi akasema hivyo hivyo, kwamba huu ni mchezo wa akili. Januari 2007 wakamtia hatiani. Sheria ya pale haiulizi akili ni kiasi gani; ikiwa bahati imechanganyika na akili, huo ni mchezo wa bahati.

Ya pili ni ya Staten Island, New York. Mtu mmoja alikuwa na ghala la baiskeli za umeme, na chumba cha nyuma akaweka meza za poka. Kila fungu alikata asilimia 5. Mwaka 2012 Jaji Jack Weinstein akamkubalia, akaandika hukumu ndefu sana yenye hesabu na ushahidi wa wataalamu, kwamba katika poka akili inatawala kuliko bahati. Watu wa poka dunia nzima walisherehekea. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikaipindua hukumu ile na hatia ikarudi, kwa sababu sheria aliyoshtakiwa nayo ilikuwa inatazama biashara aliyokuwa akiiendesha. Mjadala wa akili na bahati haukumfaa kitu. Zile asilimia 5 ndizo zilizomshika.

Na kwa kuwa tumezitaja asilimia 5, naomba mtu anikopeshe kalamu, tupige hesabu hapa ubaoni.

Watu sita, kila mmoja na shilingi 2,000. Mezani kuna 12,000. Chukueni kila saa moja wanacheza mara 25, na fungu la katikati, ukichanganya makubwa na madogo, ni shilingi 600. Asilimia 5 ya 600 ni 30. Hiyo 30 mara 25 ni 750 kwa saa. Wakianza saa mbili usiku wakamaliza saa nane, hizo ni saa sita, na mkebeni mna shilingi 4,500. Zilizobaki mezani ni 7,500. Walioketi pale wataulizana nani amewala, na kila mmoja atamtazama mwenzake. Aliyechukua zaidi ya thuluthi ya pesa zote hakushika karata hata moja. Nilimpigia mdogo wangu hesabu hii, akaniangalia muda mrefu. Alikuwa hajapata kuipiga.

Kuna mlango wa pili wa hatari, nao ni wageni. Mnajua pata potea, zile karata tatu zinazochezeshwa kwenye vituo vya matatu, mtu anaambiwa aifuate moja kwa macho. Ule ni wizi mtupu, kwa hiyo nauacha. Ninachotaka mkione ni mahali pake. Kanuni yetu ya Adhabu, kifungu cha 182, ilirithiwa kutoka kwa mkoloni, nayo ilimhesabu anayecheza mchezo wa bahati kwa pesa hadharani kuwa mtu mzembe na mwenye fujo. Neno "hadharani" ndilo zito. Kibaraza ni cha nani? Ufuo ni wa nani? Hata sebule ikifunguliwa kwa yeyote aliyepata tangazo kwenye simu, mwenye nyumba atapata taabu kumweleza hakimu kwamba wale walikuwa marafiki zake. Hakimu atamuuliza majina yao. Mdogo wangu siku ile alijua majina ya saba kati ya watu kumi na mmoja.

Na simu hazisahau. Zamani hesabu za mkebe zilikuwa kichwani mwa mwenye mkebe. Siku hizi kiingilio kinatumwa kwa M-Pesa, na kila malipo yana saa, tarehe, kiasi na jina la aliyepokea. Mwendesha mashtaka hahitaji shahidi mwingine.

Sasa nirudi kwa askari wale, na hapa mtanisamehe sauti yangu ikipanda.

Mdogo wangu na wenzake walishikwa Jumatatu usiku. Wakatolewa Alhamisi asubuhi. Usiku tatu, na hakuna aliyefikishwa mbele ya hakimu. Katiba, kifungu cha 49, inataka aliyeshikwa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na mwisho ni saa 24; saa hizo zikiisha wakati mahakama imefungwa, mwisho ni siku ya mahakama inayofuata. Jumatano jioni haki hiyo ilikuwa imekwisha kuvunjwa. Kifungu hicho hicho kinasema mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita. Kinampa haki ya kuambiwa kosa lake kwa lugha anayoielewa, haki ya kunyamaza, na haki ya kuonana na wakili. Katika wale kumi na wawili kila mmoja alitoka kwa njia yake, kwa pesa ambazo hazikuandikiwa risiti. Mkebe haukuonekana tena, wala haukuandikwa kwenye OB, kitabu cha matukio cha polisi.

Na mdogo wangu, ambaye dada yake ni wakili, ambaye namba yangu anaijua kwa moyo tangu simu za mezani, hakunipigia. Nilikuwa Tudor, mwendo wa dakika kumi. Nilikula, nilioga, nililala usiku tatu, na yeye yuko sakafuni kwenye saruji. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Niliona haya, dada. Ningekwambia nini? Kamari?"

Hilo ndilo lililonileta hapa kuliko sheria zote nilizozitaja. Aibu hiyo ina mahali pake, na sitaki kuwavua watu haya zao. Lakini isimfanye mtu alipe asichodaiwa, akae ndani siku zisizo halali, na mke wake akadanganywa kwamba amesafiri. Mwenye kosa ana haki zake, na asiye na kosa anazo. Yule kijana wa benki alipotea kazini siku tatu bila maelezo, kwa sababu hakuweza kuyasema. Walimwachisha. Alihama Mombasa mwaka huo.

Kwa hiyo mtu akigongewa, na afanye hivi. Nyumba yako inalindwa na kifungu cha 31 cha Katiba, na kwa kawaida askari huja na hati ya hakimu. Zipo hali ambazo sheria inamruhusu kuingia bila hati, na mlangoni usiku si mahali pa kubishana nazo. Uliza hati kwa adabu, shika jibu ulilopewa, tazama saa, usimguse askari, wala usiifiche pesa mfukoni. Piga simu moja, na iwe kwa wakili au kwa mtu atakayemtafuta wakili. Ukitakiwa pesa za dhamana, dai risiti.

Mzee mmoja alinishika mkono nilipokuwa naingia akaniuliza, "Bi, niambie kwa kifupi. Mimi na wenzangu wanne, nyumbani, mia mbili mbili, ni kosa?" Mzee wangu, mimi siwezi kumpa mtu cheti. Nitakwambia nilichokiona kwa miaka yangu mahakamani. Kesi hazikuanza na wazee watano wanaojuana waliofunga mlango wao. Zilianza na mtu aliyekata fungu, na mtu aliyealika asiowajua, na mtu aliyetoa meza barazani watoto wa shule wakapita. Ikiwa kwenu hamna hata kimoja katika hivyo, hampo pale ambapo sheria hutupa jicho lake kwanza. Chakula mchangieni kabla ya karata kutolewa, mnunue, mle, kiishe, kisitoke katika dau. Anayeliwa aruhusiwe kuondoka bila kuchekwa na bila deni. Na kama kuna mtu kati yenu anayecheza pesa ya ada za watoto, nyinyi wenzake mnajua kabla ya sheria kujua, na kumwinua mezani ni juu yenu.

Na anayetaka kupata riziki kwa meza ya kamari, aende akatafute leseni, akaone masharti yake na kodi zake. Akiona ni mazito kwa sebule yake, atakuwa amepata jibu lake.

Mdogo wangu na wenzake bado hukutana Jumatatu. Wamebaki wanne. Wanapiga dhumna, hawaweki kitu, na kila mmoja huja na chakula cha kwao. Nilipita pale juma lililopita kumpelekea barua. Meza ni ile ile ya mvule, na juu ya duara jeusi palikuwa na sahani ya kaimati, zimebaki mbili.

Mzee pale nyuma, mwenye kofia, uliinua mkono tangu nilipotaja kodi ya nyumba. Tafadhali, uliza.